Hoteli Mbili Zinazotazamana

Mvua ilikuwa imewafukuza watu wote uwanjani, na nusu yao walikimbilia ukumbi wa mapokezi wa Hoteli ya Mnara. Watalii waliolowa chapachapa walikamua kofia zao juu ya sakafu ya marumaru, bibi harusi mmoja aligombana na mpiga picha wake, masanduku yalirundikana kama ya watu wanaohama, na simu ya mapokezi ililia bila mtu wa kuipokea. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamke mwenye gauni la kijani lililomkaa sawasawa na viatu vya soli laini visivyotoa mlio, akitazama dari.

Hakuwa anashangaa zile taa za vioo zilizoning'inia kama mashada ya maji. Alikuwa anatafuta ufa.

Ofisini kwao walimwita Tochi. Kazi yake ilikuwa kukagua hoteli kabla kampuni yao haijapeleka mkutano wowote, na pochi yake haikukosa tochi ndogo ya chuma ya kumulika chini ya vitanda, nyuma ya makabati, na kwenye zile pembe za bafu ambako wafagiaji huamini hafiki mtu. Safari hii kazi ilikuwa nzito. Chama cha madaktari wa macho kilitaka hoteli moja ya kihistoria hapa mji mkuu, iwe makao ya mkutano wao kila mwaka. Zilizobaki zilikuwa mbili: Mnara, iliyowahi kuwa kasri la watawala, na Stesheni, iliyojengwa enzi za treni za kwanza kwa ajili ya abiria wenye nafasi zao. Zilitazamana ng'ambo na ng'ambo ya uwanja mmoja kama wake wenza wasiosalimiana. Bosi alikuwa amemwambia ajifanye mgeni wa kawaida, akague kimyakimya, na akiifanya vizuri basi kile kiti cha mkuu wa kitengo, kilichokuwa wazi tangu mwaka jana, ni chake.

Mtalii mmoja akarudi kinyumenyume na sanduku lake, akampiga kikumbo. Pochi ikafunguka, tochi ikaruka, ikabingirika sakafuni na kuingia chini ya piano kubwa nyeusi iliyokuwa inapigwa pembeni mwa ukumbi.

Akapiga magoti, akapeleka mkono. Akakutana na jozi ya viatu vilivyong'arishwa mpaka ungeweza kujitazama.

"Dada," sauti ikashuka kutoka juu, na muziki haukusimama, "ukiendelea kupiga magoti hapo, wageni watadhani umekuja kuniposa."

"Waache wadhani. Inua mguu."

"Upi? Wa kulia uko kazini. Chukua wa kushoto."

Akauinua mguu wa kushoto, na tochi ilikuwa hapo. Tochi, yaani yeye mwenyewe, akainuka akijifuta vumbi. Mpiga piano alikuwa kijana wa rika lake, koti jeupe, tai ya kipepeo iliyopinda kidogo, ndevu zilizochongwa kwa uangalifu na macho ya mtu anayezuia kicheko.

"Tochi? Taa zote hizi hazijakutosha?"

"Naogopa giza."

"Pole. Na umefuata nini mjini?"

"Harusi ya binamu," alijibu bila kupepesa macho. Kudanganya kwenye mapokezi ya hoteli kulikuwa sehemu ya kazi, na alikwishazoea.

"Basi mpe hongera binamu," alisema yule kijana, akageukia vidole vyake. Tochi akaenda zake kupanda ngazi, na akajikuta ameshika kitasa cha chumba chake bila hata kukikagua.

Keshokutwa yake alihamia Stesheni. Ukumbi wa chai wa pale ulikuwa na kuta za mbao nyeusi, viti vya ngozi vilivyochakaa kiungwana, na utulivu ambao mtu aliuingia kama anaingia majini. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akipima kila kiti kwa macho, alipousikia wimbo. Piano hii ilikuwa ya mbao za kahawia. Aliyeipiga alikuwa na koti jeusi. Tai ilikuwa imepinda upande uleule.

Jambo la kwanza alilohisi lilikuwa furaha. La pili, lililokuja mbio na kulipiga la kwanza kikumbo, lilikuwa shaka.

"Unanifuata," alisema, akisogea.

"Mimi? Mimi nimekaa. Wewe ndiye umesimama mlangoni na kikombe."

"Juzi ulikuwa kule."

"Juzi ilikuwa zamu ya kule. Leo ni ya huku. Wiki naigawa, wote wanakula." Akatabasamu. "Na wewe? Harusi ya binamu imehamia huku?"

Tochi akanywa chai iliyomchoma ulimi.

Kijana alipomaliza zamu alimwalika Tochi kahawa. Waliinywa kwenye vikombe vya karatasi, wamekaa kwenye benchi katikati ya uwanja, Mnara kulia kwao na Stesheni kushoto. Siku ya pili wakainywa tena. Siku ya tatu Tochi akachoka kumtungia yule binamu mambo ya harusi, akasema ukweli.

"Nilijua," alisema kijana. "Mtu gani analala kwenye hoteli mbili zinazotazamana, anapiga picha vitasa, na anafungua bomba la maji ya moto huku anatazama saa?"

"Ulijua, ukaninyamazia?"

"Nilitaka kuona binamu ataolewa na nani."

Walicheka mpaka njiwa wakaruka. Kisha Tochi akamuuliza swali lililokuwa linamkera tangu mwanzo. "Wewe unazijua zote mbili kwa ndani. Nzuri ni ipi?"

Kijana alitazama kikombe chake. "Mnara ngazi zake ni nzuri. Stesheni utulivu wake ni mzuri."

"Sikukuuliza habari za ngazi."

"Bi Tochi wangu, kahawa yako inapoa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ungemuuliza habari za moyo wake, angekupa wote kwenye sinia. Ungemuuliza habari za hoteli, anakupiga chenga. Tochi aliliona hilo, akaliweka akilini. Lakini simu zilianza kupishana asubuhi na jioni, na ni vigumu kumchunguza mtu anayekuita roho yangu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakagua jiko. Siwezi kula ninachokikagua."

"Basi ukimaliza njoo ukague nilichokupikia mimi. Ila uje na huruma, si na tochi."

Kwenye simu yake alimwandika kwa jina la Kinanda, ili wenzake ofisini wasije wakauliza.

Mtu aliyeambiwa kila kitu alikuwa shangazi. Huyo ndiye aliyemlea tangu utoto, fundi cherehani mstaafu, sikio moja zima na jingine la kubahatisha, kwa hiyo kuzungumza naye kwenye simu kulihitaji mapafu.

"Shangazi, ni mpole! Nasema ni MPOLE!"

"Nimesikia, sijafa. Ana mke?"

"Hana!"

"Ana kazi?"

"Anapiga piano kwenye hoteli zote mbili!"

"Mwanangu, nikwambie kitu? Kijana mzuri, mpole, hana mke, na kila unakokwenda kukagua unamkuta ameshafika? Huyo katumwa."

"Na nani, shangazi?"

"Na mwenye hoteli. Wewe unakagua vitanda, wao wanakukagua wewe."

Tochi alicheka kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyostahili.

Angelisahau hilo kama bosi asingemwita siku mbili baadaye kupokea maendeleo. Bosi alikuwa mtu wa mikono ya shati iliyokunjwa na sentensi fupi. Alimsikiliza, akamwambia sasa ajitambulishe kwa hoteli zote mbili apokee ahadi zao, kisha akasema, "Unajua aliyekaa kwenye kiti chako kabla yako aliondoka kwa nini?"

"Walisema amepata kazi nje."

"Alipata mchumba. Hoteli ilimtafutia. Maua, matembezi, maneno matamu, mpaka mkataba ukasainiwa. Wino haujakauka, mchumba hapatikani kwa simu. Alilia kwenye hicho kiti unachokikalia." Akafunga faili. "Nakwambia tu."

Tochi alitoka pale bila kuaga. Kuanzia hapo hata mapenzi yake yakawa ya ukaguzi. Kinanda akimpigia mapema, alijiuliza kwa nini ana haraka. Akichelewa, alijiuliza yuko na nani. Akimsifia gauni, alisikia sauti ya bosi. Tochi akiliuliza lile swali la hoteli ipi ni nzuri, na Kinanda akaanza kusimulia hali ya hewa, alihesabu ni mara ya ngapi.

"Unanificha kitu," alimwambia siku moja kwenye simu.

"Ndiyo," alisema Kinanda. "Lakini si kibaya."

"Kama si kibaya, kiseme."

"Ukimaliza kazi yako nitakisema. Niamini kidogo tu, mpenzi."

Kidogo tu! Hakuna neno lililomtia Tochi wasiwasi kama hilo.

Mchana uliofuata alipita korido ya ofisi za Mnara akielekea kuona chumba cha mitambo. Mlango wa meneja wa mauzo ulikuwa wazi nusu. Meneja huyo alikuwa mama wa viatu vyekundu na manukato yaliyomtangulia kila alikokwenda. Mbele yake alisimama Kinanda na koti lake jeupe, na yule mama alikuwa anamnyoosha tai taratibu, kama mtu anayefunga zawadi.

"Wewe ni wetu," Tochi alimsikia anasema. "Usisahau hilo."

Hakusubiri jibu. Aliondoka kwa viatu vyake visivyo na mlio, moyo ukipiga kelele peke yake.

Bado alijikaza. Alijiambia tai ni tai. Lakini asubuhi iliyofuata yule yule mama alimkaribisha ofisini kwake, sasa akimjua kabisa ni nani, akamkalisha, akamwekea maji baridi.

"Tumekaa tukafikiria," alisema. "Madaktari tutawapa ubavu mzima wa hoteli, wasichanganyike na wageni wengine. Na mama mzazi wa mwenyekiti wao, kwa kuwa miguu inamsumbua, tutamtengenezea chumba cha chini, mlango unaofunguka bustanini. Unaonaje?"

Tochi aliona giza. Ubavu mzima ndio Stesheni walioahidi. Mama yake mwenyekiti na miguu yake ilikuwa siri ya faili. Bosi alikuwa anaijua, na yeye, na Kinanda aliyeambiwa kwenye benchi, kichwa cha Tochi kikiwa kimelala begani kwake. Shangazi hakumhesabu, maana kumwambia shangazi kulikuwa kama kujiambia mwenyewe.

"Naona mna masikio marefu," alisema, akainuka. Maji hakuyagusa.

Alimkuta Kinanda kwenye benchi yao, vikombe viwili mkononi, shati la bluu, bila tai. Jua lilikuwa kali na uwanja umejaa watu, na hakujali nani atasikia.

"Wamekupa nini?"

"Nani, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Mnara. Wamekuahidi nini ili uninyweshe kahawa na unichote maneno?"

Kinanda aliweka vikombe chini polepole. "Sijawaambia neno lako hata moja."

"Nilikuona ofisini kwake! Anakutengeneza tai, anakwambia wewe ni wao! Leo ananisomea mdomoni niliyokwambia wewe!"

"Nilikuwa ofisini, ndiyo. Lakini sivyo unavyodhani."

"Basi nieleze ilivyokuwa."

Alifungua mdomo. Akatazama Mnara, akatazama Stesheni, akaufunga. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebanwa mlangoni. "Siwezi. Si sasa. Maliza kuchagua kwanza, halafu nakueleza yote."

"Mpaka nisaini, siyo?"

"Tochi…"

"Ndivyo wanavyofanya. Wino ukikauka hupatikani kwa simu. Basi mimi nimekurahisishia. Hupatikani kuanzia leo."

Aliifuta namba yake pale pale, mbele ya macho yake, akaondoka akilia kwa hasira. Nyuma yake kahawa ilimwagika, na hakugeuka kuangalia kama ilipigwa teke au ilianguka.

Kazi ilikuwa bado haijaisha. Ilibaki ziara moja ya mwisho Stesheni, kukagua vyumba vya ubavu wa mashariki, na Tochi aliiendea shingo upande, macho yamevimba. Aliyempokea alikuwa mkuu wa vyumba mwenyewe, mama mrefu wa sare ya bluu iliyonyooshwa mpaka ikakata, fungu la funguo kiunoni na midomo iliyobanwa. Alifungua mlango, akasimama kando.

"Mulika," alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Tochi alimulika chini ya kitanda, nyuma ya kabati, pembe za bafu. Pote palikuwa safi kama ndani ya yai. Alipoinuka alimkuta yule mama amefunga mlango na kuuegemea.

"Sasa zamu yangu. Mwanangu ulikuwa unamchimba nini?"

"Mwanao yupi, mama?"

"Usijitie hamnazo, binti. Anayepiga piano hapo chini."

Tochi alikaa kitandani bila kujua amekaa, akakumbuka mashuka, akasimama tena. "Wewe ni mama yake?"

"Unataka kuniambia hukujua? Mimi nilimwonya. Nikamwambia, huyo msichana hakupendi, anakutumia. Amejua mama yako yuko Stesheni, anataka umwambie kila bomba linalovuja humu. Muache. Unajua alinijibu nini? 'Mama, hajui kama wewe upo. Sijamwambia, na wewe usimwambie.'"

"Kwa nini asiniambie?"

"Kwa sababu mkutano huu ukienda ng'ambo, ubavu huu unafungwa, na mimi na wasichana wangu tunakwenda nyumbani. Alisema ukijua hivyo utaniona mimi kila ukiangalia kuta hizi. Alitaka uchague kwa macho yako mwenyewe." Mama akapangusa vumbi lisilokuwepo juu ya meza. "Nilimwambia ni mjinga. Bado nasema ni mjinga."

Tochi akaizima tochi yake. "Na kule Mnara? Nilimwona kwa macho yangu."

"Mnara wameshamfukuza. Yule mama wa viatu vyekundu alimwita akampaka mafuta ya maneno, akamtaka amletee unayoyasema. Akakataa. Kesho yake akaambiwa asirudi. Na hilo nalo hakukwambia, si ndiyo? Maana ungeikasirikia Mnara, na ukiikasirikia Mnara anayefaidi ni mimi mama yake."

"Lakini walijua habari za mama yake mwenyekiti! Mimi nilimwambia yeye peke yake!"

"Peke yake?" Kwa mara ya kwanza ile midomo ilibanduka, na kilichotoka kilikuwa kicheko kikavu. "Binti, juzi umepita korido hii na simu yako. Wasichana wangu wote wanajua goti la shangazi yako limevimba upande gani, na amekatazwa kula nini."

Tochi akaiona sofa ya ukumbi wa Mnara, yeye ameketi, mgongo ameupa meza ya watu wa mauzo, anapaza sauti ili lile sikio zima lishike: shangazi, Stesheni wanatupa ubavu mzima, na huyu mwenyekiti anataka mama yake naye apate chumba cha chini, miguu, nasema MIGUU!

Alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Usinililie kwenye mashuka," alisema mama wa vyumba, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Tochi hakurudi moja kwa moja kwa Kinanda. Alirudi ofisini, akakaa mbele ya ripoti yake, na hapo shaka ikamgeukia mwenyewe. Ripoti ilikuwa inaipendelea Stesheni. Alikuwa ameiandika kabla ya kujua habari za mama yeyote, hilo ni kweli. Lakini je, aliupenda ule ukumbi wa chai kwa sababu ya viti na utulivu wake, au kwa sababu ya aliyekuwa anapiga piano ndani yake? Alijiuliza, akajiuliza tena, na hakupata jibu ambalo angeweza kuapa nalo. Na sasa kwa kuwa amejua, angewezaje kuigusa kalamu bila kumwona yule mama na wasichana wake wanafunga vyumba?

Alibisha mlango wa bosi.

"Siwezi kuchagua," alisema akiwa bado amesimama. "Ninampenda mtu, na mama yake anafanya kazi Stesheni. Naomba umpe mwingine."

Bosi aliweka kalamu chini. "Katumwa?"

"Hapana. Ningependa angekuwa ametumwa, ningejua la kufanya."

"Unajua kile kiti…"

"Najua."

Bosi akanyoosha mkono, akachukua faili. Hakumgombeza. Alisema atakwenda kuziona hoteli mwenyewe, na yeye Tochi aende akapumzike mpaka wiki iishe. Tochi alipofika mlangoni, bosi akamwita. "Yule wa kabla yako angekuja kuniambia hivyo, angekuwa bado yupo hapa." Kisha akainama kwenye karatasi zake, na kile kiti akapewa mwenzake wa meza ya pili.

Wiki ilipoisha, uamuzi ulikuwa umetoka. Tochi alikuwa wa kwanza kuambiwa, na aliomba jambo moja tu, aachiwe aupeleke yeye mwenyewe Stesheni kabla haujatangazwa.

Ilikuwa alasiri. Ukumbi wa chai wa Stesheni ulikuwa na wageni wachache, mzee mmoja na gazeti lake, mama wawili na sahani ya keki. Kinanda alikuwa kwenye piano ya kahawia, koti jeusi, amekonda kidogo. Alimwona akiingia, vidole vikajikwaa, wimbo ukasimama. Mama yake, aliyekuwa anapita na vitambaa vya meza, naye akasimama.

Tochi alikuwa amevaa gauni jeupe lisilo na urembo wowote. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yalimkimbia.

"Wamechagua Mnara," alisema. "Nilitaka mlisikie kwangu, si kwa mtu mwingine."

Mama akaviweka vile vitambaa juu ya meza, akavipanga, akavipanga upya. Mabega yake, yaliyokuwa yamenyooka siku zote, yalishuka kidogo.

"Madaktari wa macho," alisema mwishowe, "na hawaoni."

Kinanda akacheka bila kutaka, na kicheko kikaishia machoni. Alimshika mama yake mkono. "Mama, pole."

"Pole ya nini? Mimi sijafa. Kabla ubavu haujafungwa nitawatafutia wasichana wangu pa kwenda, mimi nina mikono yangu." Akamgeukia Tochi, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Na wewe ndiye uliyewachagulia?"

"Hapana, mama. Nilikataa kuchagua. Ripoti yangu ilikuwa inataja Stesheni, lakini sikuiamini tena. Nikamwambia bosi hawezi kuniachia mimi kazi hii kwa sababu…" Akamtazama Kinanda. "Kwa sababu ninampenda mtu ambaye mama yake yuko hapa. Akaichukua."

"Na ukubwa uliokuwa unausubiri?"

"Amepewa mwingine."

Mama wa vyumba alichukua vitambaa vyake, akaenda navyo, na alipompita Tochi alimgusa bega, mguso mfupi kama wa kuangalia vumbi. "Bado nakuangalia," alimnong'oneza.

Wakabaki wawili. Kinanda alikuwa anamtazama kwa namna ya ajabu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Umemwambia bosi wako unanipenda kabla hujaniambia mimi?"

Tochi akatazama sakafu. "Nilikuwa nimekufuta kwenye simu."

"Namba yangu unaijua kwa kichwa."

"Nilikuwa naona haya. Nilikutukana mbele ya watu, kumbe aliyetoa siri ni mdomo wangu mwenyewe. Nisamehe."

"Na mimi nilikuficha. Nilidhani nikinyamaza nakutendea haki, kumbe nakutesa." Akasogea kwenye kiti kirefu cha piano, akapiga pembeni pake kwa kiganja. "Kaa. Niulize chochote sasa. Hata lile la hoteli ipi ni nzuri."

"Ipi?"

"Hii. Siku zote ni hii. Mabomba ya Mnara yanalia kama paka."

Tochi alicheka, machozi yakamtoka kwa pamoja. Akakaa. Mabega yao yaligusana.

"Una kingine unachonificha?" aliuliza.

"Kimoja."

Akamgeukia upesi, shaka yake ya zamani ikiwa imeshaamka na kujikung'uta. "Kipi?"

"Nataka kukuoa, na nilikuwa nasubiri umalize kazi ndipo niseme. Sasa kazi hiyo umeiachia, kwa hiyo sina tena cha kusubiri."

"Huna kazi ya Mnara, mama yako anakaribia kukosa ya hapa, mimi nimenyimwa kiti. Unanioa na nini?"

"Na hivi nilivyo. Unataka au unakwenda kwanza kumuuliza bosi wako?"

"Nataka," alisema Tochi. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kubadilika siku moja, akaongeza, "Lakini nitakuwa nauliza maswali. Kila siku."

"Uliza."

"Na shangazi naye atauliza."

"Huyo nimeshajiandaa. Nimekwisha sikia anavyouliza, mji mzima umesikia."

Alimshika mkono. Kutoka upande wa jikoni mhudumu mkuu alikuwa anakohoa kwa maana, akiionyesha kwa kidole piano iliyonyamaza na wageni waliogeuza shingo. Kinanda akaanza tena wimbo pale alipouachia, kwa mkono wa kulia pekee, kwa sababu wa kushoto Tochi alikuwa ameukamata na hakuonyesha dalili ya kuuachia.

Yule mzee akashusha gazeti lake, akasikiliza, akamwita mhudumu kwa kidole.

"Kijana, huu wimbo leo mbona umepungua?"

Mhudumu akatazama kule kwenye piano, akahamishia sinia lake tupu mkono wa pili.

"Mkono mmoja umepata kazi nyingine, mzee," alisema. "Nikuongeze chai?"